Msanii Asiyejulikana

Kwetu Lamu mtu haombi maoni. Maoni huja yenyewe, kama bamvua, na ukuta wako ukiwa mfupi ni shauri yako. Mimi niliyaomba. Nilisimama mbele ya duka la ami yangu, pale Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mchana kweupe, wazee wamejaa barazani na vikombe vya kahawa mikononi, nikasema: "Programu hii ya muziki ni huria. Mtu akiona jambo la kuboresha, aseme tu."

Yaliyofuata si makosa yangu. Nimeyachunguza kwa utulivu, na kila nikiwapanga wahusika najikuta niko mwisho kabisa wa foleni.

Ami ana kompyuta ya mezani, kuukuu, aliyoiweka dukani kwa hesabu za vitambaa na kwa muziki. Ilikuwa nzito kufunguka hata akawa huiwasha kabla ya kwenda kusali alfajiri, ili akirudi aikute tayari. Nikamwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na juu yake programu ya kupigia muziki ambayo jina lake nitalificha, maana haina hatia, na walioitunga ni watu wanaojitolea tu, wengi wao baada ya kazi zao za mchana. Leseni yake ni GPL. Nikamweleza Ami kwamba msimbo wake uko wazi: kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kumgawia mwenzake.

"Bei?"

"Bure, Ami."

"Basi ina kasoro gani?"

Kasoro ya kwanza aliiona Mwalimu wa madrasa. Alivaa miwani, akasogea kwenye kioo, akakuta kaswida zake zote, alizozirekodi mwenyewe kwenye Maulidi pale msikiti wa Riyadha, mbele yake pameandikwa Blues. Ikabidi nieleze. Mwaka 1996, MP3 zilipokuwa zinaanza kuenea, kilibuniwa kibandiko cha maelezo cha kuwekwa mwisho wa faili, kiitwacho ID3. Kina baiti 128 tu: jina la wimbo herufi 30, mwimbaji 30, albamu 30, na aina ya muziki baiti moja. Baiti moja haibebi neno, hubeba nambari, na katika orodha yao nambari 0 ni Blues. Aliyetengeneza faili akiacha sifuri pale, kaswida ya Lamu inahamia Marekani bila viza. Polka imo kwenye orodha hiyo, ni nambari 75. Taarab haimo, kaswida haimo.

"Polka ni ngoma ya watu gani?" Mwalimu akauliza.

"Ya Wazungu wa Ulaya ya kati, Mwalimu. Huchezwa kwa kurukaruka."

"Basi waambie wairuke, watuwekee Maulidi."

Kwa bahati toleo la pili la ID3 linakubali neno lolote utakalo, nikaketi usiku nikaandika Maulidi kwenye faili moja baada ya jingine, watu wa polka wasisumbuliwe. Ila kesho yake mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba pale kwa Ami ukilalamika unasikizwa.

Akaja nahodha mstaafu, ambaye sikio lake la kulia lilibaki baharini. Alilalamika kwamba rekodi za zamani hazisikiki, akimwomba Ami aongeze sauti, wimbo unaofuata ni wa siku hizi, unapasua. Siku moja ulimmwagia kahawa. Dawa yake ipo tangu 2001, inaitwa ReplayGain: kila wimbo hupimwa ukali wake, pembeni pakaandikwa upandishwe kiasi gani au ushushwe kiasi gani wakati wa kupigwa, na sauti yenyewe iliyomo ndani ya faili isiguswe. Ulio chini hupandishwa, unaopiga kelele hushushwa. Nikaweka alama ya tiki kwenye mipangilio. Msomaji, na wewe weka alama hapo.

Muuza kahawa alichukia ile kimya baina ya nyimbo. "Ndiyo yawakumbusha wateja kwamba wana nyumba," alisema. Tiki: wimbo mmoja ukififia, mwingine unaingia juu yake. Jirani wa duka la pili alisema uchanganyaji ni wa uongo, kwamba kompyuta ina mwimbaji inayempenda. Nilijaribu kumwambia kwamba bahati nasibu ya kweli hurudia vitu, na kwamba watengenezaji wa programu za muziki duniani kote wamechoka na lalamiko hilo hilo. Akasema yeye si duniani kote, yeye ni jirani. Tiki: zisizowahi kupigwa zipewe nafasi kwanza. Ami mwenyewe alitaka umeme ukikatika na kurudi, mashine ijiwashe na muziki uendelee pale pale ulipokatikia, bila mtu kuinuka. Tiki mbili, moja kwenye programu na moja ndani ya mashine kabisa.

Halafu mjukuu wa Ami, ambaye alikuwa na ugonjwa wa kubonyeza. Kwake hapakuwa na tiki. Kwa kuwa msimbo uko wazi, niliufungua nikauandika upya kidogo: vitufe vya kusimamisha na kuruka wimbo vikafichwa, havionekani mpaka uandike neno la siri. Neno la siri akaliweka Ami, akakataa kuniambia, kwa sababu ambayo hakunieleza pia.

Pendekezo moja tu ndilo niliandikia wenyewe walioitunga programu, la Mwalimu, kwamba muziki ujisimamishe inapoadhiniwa. Walijibu kwa heshima. Waliuliza toleo gani, mfumo gani, kisha wakasema jambo hilo halifai kuwekwa ndani ya programu ya kila mtu, bali niandike skripti ya pembeni, maana programu hupokea amri kutoka nje kupitia njia iitwayo MPRIS. Niliiandika, ikafanya kazi vizuri sana. Lakini barazani lilishabaki neno moja: wamekataa!

"Sisi tufungue yetu," Ami akasema.

Nikawaambia ndivyo watu wafanyavyo. Amarok, programu nyingine ya muziki, ilipobadilishwa sana na toleo lake la pili, walioipenda ya zamani walichukua msimbo wa toleo la 1.4, na mwaka 2010 ikatoka Clementine. Mwaka 2018 kutoka Clementine ikazaliwa Strawberry. Wazee walifurahi mno kusikia kwamba Wazungu nao hugombana wakagawana vyombo. Ami aliuliza kama ni lazima iitwe tunda, maana embe bado haijachukuliwa.

Ikaja harusi ya binti ya Ami.

Usiku wa kupamba ulipangwa nyumbani, mtaa wa Mkomani, kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani, na ikaamuliwa kompyuta ya duka ihamishwe na spika zake kubwa, ya nini kukodi. Shangazi yangu mdogo akasema nyimbo za dukani ni za wazee. Nzuri ziko kwenye simu yake. Nikaichomeka. Na hapa nimkumbushe yeye mwenyewe, akisoma, kwamba aliyependekeza simu ikichomekwa programu izoe kila chenye sauti bila kuuliza alikuwa yeye, kwa sababu, alisema, hana muda wa kuchagua.

Ikazoa. Jioni ile Ami alipita kuangalia, akatazama orodha.

"Huyu Msanii Asiyejulikana ni wa wapi? Mbona ana nyimbo nyingi kuliko wote? Mamia!"

"Labda ni wa Tanga, Ami."

"Mashallah. Na zote fupi fupi."

Akaenda zake kwa wanaume, kwenye kirumbizi, ngoma ya bakora. Nami baada ya isha nikabonyeza kitufe cha kuanza, wanawake wakaanza kuingia, nikatolewa nje. Mlangoni akakaa mama mmoja mwenye kazi ya kuhakikisha hapiti kiumbe chenye ndevu, hata paka akikaguliwa. Ndani mabuibui yamevuliwa, nguo za thamani ziko nje, udi unafuka. Mimi nikakaa dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, naisikiliza kazi yangu kwa raha.

Kinubi hakikuwapo, lakini fidla zilikuwa nzuri. Taarab ikaanza kufifia taratibu, kama muuza kahawa alivyotaka, na chini ya fidla ikapanda sauti ya mwanamke, nzito, safi, ya kunong'ona, yenye ukubwa sawasawa na bendi nzima:

"Dada, waniskia? Nasema polepole, mama mtu yuko chumba cha pili."

Nikainuka.

"Hii seti ya dhahabu waliyokuja nayo posa, mimi nimeigeuza nyuma. Dada! Rangi imebanduka!"

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp huhifadhiwa kwa mtindo wa Opus, ambao ni wazi na huria tangu 2012. Ile programu ya zamani ya Ami ingeshindwa kuufungua, ingekaa kimya na heshima yake. Hii haibagui. ReplayGain ikaupima mnong'ono wa Shangazi, ikauona uko chini, ikaunyanyua mpaka ukawa sawa na wimbo. Fidla za wimbo uliotangulia zikawa zinamsindikiza.

Kwa muda hakuna aliyeshtuka. Nilisikia vigelegele. Baadaye niliambiwa kwamba upande wetu walidhani ni mipasho mipya, na mama mmoja alikwisha kuinuka na noti mkononi kwenda kutunza, akabaki amesimama katikati ya kiwanda, hajui amtunze nani.

Aliyejua wa kwanza alikuwa mwenye sauti, aliyekuwa amekaa bega kwa bega na mama wa bwana harusi, akimpepea.

"Ndoo!" nikasikia yowe lake. "Ndoo uizime!"

"Siwezi kuingia, Shangazi!"

"Fumba mato uingie!"

Nikafumba. Mama wa mlangoni akasema kufumba si kunyoa ndevu, rudi nyuma. Ndani ujumbe ulikwisha, mwingine ukaingia, maana jirani wa duka la pili alitaka zisizowahi kupigwa zitangulie, na Msanii Asiyejulikana, jina ambalo programu hulipa kila faili lisilo na mwimbaji, hakuwa amewahi kupigwa hata mara moja. Huu ulihusu pilau, na mkoba mkubwa ambao mama mtu alikuja nao mtupu akarudi nao umejaa. Shangazi kwenye rekodi alikuwa akicheka. Anacheka vizuri, ile kazi ya kurekodi ilikuwa ya hali ya juu.

Tukamtuma mjukuu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliombwa abonyeze. Akarudi mbio.

"Hapana kitufe. Yataka neno la siri."

Nikampigia Ami. Kwenye kirumbizi kuna ngoma na zumari, simu iko mfukoni mwa kanzu, na Ami akishika bakora hasikii la mtu.

Swichi kuu ya umeme iko dakani. Niliishusha kwa mkono wangu. Giza, kimya, mayowe, halafu kimya tena. Nilihisi nimeokoa ukoo mzima. Kisha kutoka gizani ikatoka sauti ya mama wa bwana harusi, tulivu kabisa:

"Washeni taa. Mimi nilikuwa nasikiliza."

Mgeni wa heshima akisema washa, unafanyaje? Nikapandisha swichi. Taa zikawaka. Mashine ikajiwasha yenyewe. Watu wote, nje na ndani, tukaisikia inavyopumua, inavyohangaika, inavyofunguka upesi kwa sababu Linux niliiweka vizuri. Na programu ikaendelea pale pale ilipokatikia, katikati ya neno:

"...koba! Dada, na kuku mzima ndani!"

Bibi yangu ndiye mtu pekee katika nyumba ile ambaye hakuwahi kupendekeza chochote. Kompyuta kwake ni kabati lenye taa. Aliinuka kutoka kwenye mkeka, akafuata ukuta mpaka nyuma ya spika, akashika waya, akaung'oa. Kisha akasema zileteni pembe. Wakapiga vugo, ngoma ya wanawake ya kugonga pembe, mpaka usiku wa manane, na wanaosema ukweli wanasema ndiyo sehemu iliyofana.

Shangazi aliugua homa siku zilizofuata, homa isiyopanda kipimo. Barazani mapendekezo yaliongezeka badala ya kupungua. Mwalimu alitaka programu ijue umbea kama ijuavyo adhana. Muuza kahawa aliuliza kama pana nakala. Mimi nikaandika kwa watungaji pendekezo langu la kwanza la nafsi yangu, kwamba sauti isiyo na jina la mwimbaji isichanganywe na nyimbo. Wakanijibu kwamba nimeshatanguliwa, lipo kwenye orodha, na kama nina nafasi nitume msimbo.

Nilikuwa nauandika huo msimbo, pale dukani, alipokuja kijana na simu imefungwa kwenye leso. Imetoka kwa mama wa bwana harusi. Ana harusi ya binti yake mwezi wa Mfungo Mosi, na amesikia kwamba Shangazi amealikwa kiti cha mbele.

"Amesema uchomeke, izoe zote," kijana akasema. "Na ile ya kupandisha sauti usiiondoe. Amesema na yeye pia hunong'ona."