Siku ya kwanza uwanjani: pesa ziende kwenye breki, si kwenye ekzosi

Anayejiandaa kwa siku yake ya kwanza ya kukimbiza gari kwenye lami iliyofungwa huwa na swali moja la haraka: nifanye nini gari liwe na nguvu zaidi? Jibu langu ni kwamba usifanye lolote. Altezza, Mark X, Impreza, hata IST ya kwendea kazini, ina mwendo wa kutosha kumfundisha mtu kwa mwaka mzima. Kinachowatoa wageni uwanjani kabla ya saa sita mchana ni joto: la breki, la injini na la mwili wa dereva. Na Dodoma haina huruma na joto.

Mji uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kama hicho, na rejeta nayo hupata hewa pungufu ya kupoozea. Gari likionekana zito, si bovu. Usikimbilie gereji kuliongezea chochote.

Anza na mafuta ya breki, kwa sababu ndiyo yanayosahauliwa kuliko vyote. Yanafyonza unyevu polepole hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa viwango vya chini vinavyotakiwa, DOT 3 (daraja la mafuta ya breki, huandikwa kwenye kopo) ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedeli inazama hadi chini huku gari likiendelea na safari. Nunua lita moja ya DOT 4 kwenye kopo ambalo halijafunguliwa, ubadilishe yote wiki hiyo hiyo. Katika magari yetu ya usukani wa kulia, pampu kuu ya breki huwa upande wa kulia, kwa hiyo gurudumu la mbali zaidi ni la nyuma kushoto. Toa upepo, yaani mafuta ya zamani pamoja na viputo vya hewa, hapo kwanza, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Maelekezo mengi ya mtandaoni huanza nyuma kulia kwa sababu yaliandikiwa magari ya usukani wa kushoto. Kitabu cha gari lako kikitoa mpangilio mwingine, hasa kwa gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki), fuata kitabu. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizo kabisa.

Pedi zikiwa chini ya milimita 6, weka mpya. Nyembamba hupitisha joto haraka hadi kwenye mafuta. Pedi mpya nazo zinataka kuzoeshwa diski: shuka kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa mara nane au kumi bila kusimama kabisa, halafu endesha taratibu zipoe. Zoezi hilo lifanyie uwanjani. Barabara ya mzunguko ya nje, hata ikiwa tupu alfajiri, ni barabara ya umma.

Kwenye rejeta, maji ya kisima ya huku mengi yana chumvi na huacha ukoko ndani. Mwaga, suuza, weka kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini) iliyokwisha kuchanganywa. Kifuniko chenye mpira uliopasuka kibadilishe. Shinikizo lake ndilo linalozuia maji yasichemke mapema. Mapezi ya rejeta yaliyojaa vumbi na majani yasafishe kwa maji ya nguvu ndogo, ukipiga kutoka upande wa injini kwenda nje. Oili iwe kwenye alama ya juu ya kijiti, isizidi, na tangi lisishuke chini ya robo, maana kwenye kona ndefu petroli hukimbilia upande mmoja na injini inakatika.

Matairi ya mtumba siyapendi kwa kazi hii. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi (si ile DOT ya mafuta ya breki): 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakizidi miaka sita, yaache. Kagua pia miiba ya migunga; mwiba uliotulia mjini huanza kuvujisha upepo tairi likipata moto. Anza na upepo wa kiwandani ukiwa baridi, tuseme 32 PSI, upime mara tu unapotoka uwanjani. Ukikuta umepanda kupita 38, punguza kidogo kidogo. Nati za magurudumu kwenye Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nyutonimita 103. Zirudie baada ya mzunguko wa kwanza.

Toa zulia la dereva, jeki, chupa, kila kinachoweza kuteleza chini ya pedeli. Kaa mgongo ukigusa kiti, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani, goti libaki limekunjika breki ikiwa chini kabisa. Viatu vya soli nyembamba, nguo ya pamba ya mikono mirefu, helmeti yenye alama ya kiwango kinachotambulika. Hewa kavu ya Dodoma hukausha jasho kabla hujalihisi, kwa hiyo kunywa maji kabla ya kiu. Na soma bima yako: hata bima kubwa kwa kawaida haihusu mashindano wala majaribio ya mwendo.

Zamu yako iwe dakika 15, kwa nguvu ya asilimia 70. Bendera ya njano, usipite mtu. Nyekundu, punguza na urudi. Mzunguko wa mwisho uende bila kukanyaga breki kwa nguvu ili zipoe. Ukiegesha, usivute hendibreki, kwani pedi za moto hujibandika kwenye diski; weka gia na jiwe nyuma ya tairi. Jioni, kabla ya kushika njia ya Morogoro au Singida, subiri matairi yapoe, rudisha upepo uliopunguza, kaza nati tena, kisha bonyeza pedeli ya breki: ikiwa laini kuliko asubuhi, toa upepo upya hapo hapo kabla hujaingia barabarani.