Fundi, Hebu Tazama Saa Kwanza

Kuna sentensi moja nimeichoka hapa Dar: "Mama, hii Windows imekufa, inabidi tuipige upya." Inasemwa kwa upole kama wa daktari anayeleta habari mbaya, na inasemwa kabla bisibisi haijagusa sipiyu.

Safari hii aliyeambiwa ni mama yangu mdogo. Nyumbani ana kompyuta ya mezani, zile Dell OptiPlex za mtumba zilizotumika maofisini Ulaya, na anachapia mitihani ya shule za jirani. Umeme ulikatika jioni, ukarudi asubuhi. Kuwasha, kioo cheusi na maandishi meupe: saa haijawekwa, bonyeza F1 kuendelea. Akabonyeza. Akaambiwa hakuna diski ya kuwashia. Fundi akaja na fleshi mfukoni, akafomati, akapokea elfu thelathini yake, akaaga. Mitihani ya miaka yote, picha za kipaimara cha mdogo wangu, hesabu za kikoba, vyote kwisha. Haikupita muda umeme ukakatika tena usiku kucha, na maandishi yakarudi yale yale. Kumbe Windows mpya nayo imekufa, maskini, bado mbichi kabisa.

Jamani, mashine ilishasema yenyewe inaumwa nini! Mstari wa kwanza kabisa: saa. Ndani ya sipiyu, juu ya mazabodi, kile kibao kikuu kinachounganisha vifaa vyote, kuna betri ya duara inayoitwa CR2032. Ni ya volti 3, kipenyo chake milimita 20, na inauzwa hata kwa mafundi saa. Kazi yake ni kutunza saa na setingi za baiosi, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, pale umeme unapokosekana. Waya ukiwa umechomekwa ukutani, hata kama kompyuta imezimwa, mazabodi hupata umeme kidogo wa kuitunza, kwa hiyo betri inaweza kufa na usijue. Mama mdogo hazimi swichi ya ukutani hata siku moja. Ikasubiri umeme ukatike ndipo ikaumbuka.

Betri ikishakufa na umeme ukakatika, baiosi nyingi hurudi kwenye setingi za kiwandani. Ya kwake kiwandani ilipangwa iwashe kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha, wakati Windows yake ilipigwa kwa njia ya zamani, ile Legacy. Basi diski ipo, Windows ipo, mitihani ipo, ila baiosi inatafuta mlango usiokuwepo. Kwenye mashine nyingine kinachogeuka ni namna ya kuisoma diski, kutoka AHCI kwenda RAID, nawe unapata kioo cha bluu badala ya cheusi. Ugonjwa ni ule ule.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki: fundi mwenyewe aliingia humo humo kwenye baiosi akabadili setingi ili fleshi yake isomeke. Tarehe iliyorudi nyuma miaka kadhaa ilikuwa pale juu, inamtazama. Jina la diski lilikuwa pale, na ukubwa wake, ushahidi kwamba diski ni nzima. Angegeuza setingi moja, akahifadhi, akawasha, mama mdogo angekuwa anachapa kabla chai haijapoa. Yeye akaipita tarehe, akaipita diski, akaenda kufuta.

Haya, nikubali kidogo, ingawa sipendi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mafaili ya Windows huharibika kweli, na diski nazo hufa. Najua pia fundi ana kodi ya fremu, na sisi wateja ndio tunaosonya tukiambiwa tulipie kazi ya dakika tano. Akikaa saa mbili akitazama asilimia zinapanda, tunaona amefanya kazi. Lakini hata Windows ikifa kweli, mafaili hayajafa nayo. Chomoa diski, ichomeke kwenye mashine nyingine, nakili yaliyomo, halafu piga Windows hata mara kumi ukitaka. Kufomati bila kuuliza "mama, humu kuna nini?" ni kumwibia mtu akiwa amekukaribisha soda.

Nilibadilisha betri mimi. Unazima, unachomoa waya wa ukutani, unafungua ubavu wa sipiyu, unabana kile kipini cha pembeni, betri inaruka, unaweka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kisha F2, unaweka saa na tarehe, unarudisha Legacy, unahifadhi. Ikawaka. Mama mdogo hakufurahi sana, na sikumlaumu. Iliwaka ikiwa tupu.

UPS, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika, nunueni, sitaongeza neno. Umeme ukikatika chomoeni waya, msubiri utulie ukirudi. Bakapu mnaijua, hamfanyi tu.

Na wewe unayejiandaa kuniandikia "si anunue laptop?": laptop nyingi, hasa za zamani, nazo zina betri kama hiyo, tena mara nyingi imefungwa kwa kiwaya na kufichwa ndani. Mpelekee fundi wetu, atakwambia Windows imekufa.