Kikokotoo: Watumishi Wapiganie Asilimia au Kigawanyo?

Kila Mei Mosi inapokaribia, dai la watumishi wa umma wa Tanzania kuhusu mafao ya kustaafu hufupishwa kuwa namba moja, nayo ni asilimia ya pensheni inayolipwa kwa mkupuo, yaani yote kwa pamoja mtu anapostaafu. Waliokuwa katika mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF walizoea kupokea nusu ya pensheni yao kwa mkupuo. Kanuni zilizofuata kuunganishwa kwa mifuko ya watumishi wa umma kuwa mmoja, PSSSF, mwaka 2018 zilitaka kuishusha hadi asilimia 25, na Rais Magufuli akazisitisha Desemba mwaka huohuo. Kikokotoo (kanuni ya kukokotoa mafao) cha Julai 2022 kikaweka asilimia 33 kwa wote, na katika bajeti ya 2024/25 Serikali ikatangaza kuipandisha hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50, na hadi 35 kwa lile la mifuko mingine lililokuwa likipata 25. Ongezeko hilo lilipokewa kwa shangwe, na tangu hapo wengi wanauliza ni lini tutarudi kwenye 50.

Wanaodai mkupuo mkubwa wana sababu nzito. Walimu na wauguzi wengi hufika miaka 60 wakiwa hawajamaliza nyumba na wakiwa na mtoto ambaye bado anasoma, na mshahara wao haukuwahi kuwaachia akiba. Mkupuo ndiyo fedha pekee kubwa watakayoishika maishani. Tena anayefariki miaka michache baada ya kustaafu huiachia familia nyumba aliyoijenga, wakati pensheni yake ya mwezi hairithiwi kwa namna hiyo. Haifai kuwaambia watu hawa kwamba hawajui kutunza fedha, kama baadhi ya viongozi walivyosema, kwa sababu fedha hizo ni jasho lao.

Hata hivyo, asilimia ina kazi ya kugawa tu pensheni kati ya mkupuo na malipo ya kila mwezi. Tuchukue mtumishi aliyefanya kazi miezi 360, ambaye wastani wa mshahara wake wa miaka mitatu iliyo bora ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kikokotoo cha sasa huzidisha mshahara huo wa mwaka kwa miezi ya utumishi, kisha hugawa kwa 580 (hiki ndicho kigawanyo), na kupata pensheni kamili ya takriban shilingi milioni 7.45 kwa mwaka. Sehemu inayotolewa kwa mkupuo huzidishwa kwa 12.5. Kwa asilimia 33 mtumishi huyu atapokea mkupuo wa milioni 30.7 na pensheni ya shilingi 415,862 kwa mwezi. Kwa asilimia 40 atapokea milioni 37.2 na shilingi 372,414. Akirudishiwa 50 ndani ya kikokotoo hiki hiki, mkupuo utafika milioni 46.6, lakini pensheni itashuka hadi shilingi 310,345 kila mwezi kwa maisha yake yote. Kila shilingi anayoongezewa mkononi siku ya kustaafu imetoka katika miezi yake ijayo, na akistaafu akiwa na miaka 60 kisha akaishi zaidi ya miaka 72 na nusu, hesabu inaanza kumgeukia.

Sasa tuangalie namba zinazotajwa mara chache majukwaani. Katika kikokotoo cha zamani cha PSPF kigawanyo kilikuwa 540, na kizidisho cha mkupuo kilikuwa 15.5. Mtumishi huyohuyo angepata pensheni kamili ya milioni 8 kwa mwaka, mkupuo wa milioni 62 na shilingi 333,333 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba asilimia 50 ikirejeshwa peke yake, bila namba hizo mbili, mstaafu atapata mkupuo pungufu kwa zaidi ya milioni 15 kuliko mwenzake wa zamani, na pensheni ya mwezi iliyo ndogo pia. Atakuwa amerudishiwa jina la fao la zamani, huku thamani yake ikibaki ilikochukuliwa. Kinyume chake, hata kwa asilimia 33 ileile ya 2022, tukirejesha kigawanyo cha 540, mkupuo wake utapanda hadi milioni 33 na pensheni hadi shilingi 446,667 kwa mwezi. Hapo vyote viwili vinaongezeka, jambo ambalo asilimia haiwezi kulifanya hata ikipandishwa vipi.

Jambo la pili ni kupanda kwa bei. Mfumuko wa bei ukikaa kwenye asilimia 3 tu, pensheni ya shilingi 415,862 ambayo haijaongezwa itakuwa, baada ya miaka 15, na uwezo wa kununua vitu vya takriban shilingi 267,000 za leo. Mstaafu anayeumia hapa ni yule aliyezeeka zaidi, anayehitaji dawa zaidi, na asiye tena na nguvu ya kulima wala kufuga. Yeye hashiriki maandamano ya Mei Mosi, na huenda ndiyo maana dai lake husahaulika.

Serikali ina jibu lake. Kigawanyo cha 540 kingepandisha gharama ya kila pensheni mpya kwa zaidi ya asilimia 7, na PSSSF ilirithi mzigo wa watumishi waliofanya kazi kabla ya 1999 bila kuchangiwa, deni ambalo Serikali ilifidia sehemu yake kwa hati fungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2. Hofu hiyo ni ya kweli, kwani mfuko ukifilisika kila hesabu niliyoiandika hapo juu inakuwa bure. Lakini mzigo huo haukusababishwa na mtumishi aliyeajiriwa baadaye, ambaye asilimia 5 ya mshahara wake imekatwa kila mwezi bila kukosa, na si haki aulipe kwa kupunguziwa fao.

Kwa hiyo naona TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na vyama vyake vingefanya vema kuiacha asilimia 40 mahali ilipo kwa sasa, na kuelekeza nguvu kwenye kigawanyo na kwenye nyongeza ya pensheni inayofuata mfumuko wa bei kwa ratiba iliyoandikwa. Ikiwa 540 haiwezekani kwa mara moja, 560 inaweza kuwa hatua ya kwanza. Na kabla ya kujadili namba yoyote, viongozi wa vyama wadai kuwekewa mezani tathmini ya uhai wa Mfuko, waisome wakiwa na mtaalamu wao wenyewe wa hesabu za bima.