Kantini za vyuo Tanga: mpishi anajibu makosa ya mkataba

Ukipita vyuo vya Tanga mjini utasikia malalamiko yaleyale. Wali umepungua, mchuzi ni maji, maharage ya jana yamerudi leo, na foleni ya mchana inamaliza nusu ya mapumziko. Wakufunzi nao wana lao: hawana pa kukaa, na samaki wanaisha kabla hawajatoka darasani. Hukumu ni moja, kwamba mzabuni, yaani mpishi aliyepewa na chuo mkataba wa kuendesha kantini, ana tamaa, na shahidi anayeitwa kila mara ni mama ntilie wa nje ya geti, ambaye kwa shilingi 1,500 anajaza sahani na kuongeza mchuzi bila kuombwa.

Shahidi huyo hana hesabu moja na mshtakiwa. Mama ntilie halipii ukumbi, na chuo kikifungwa anaweza kuhamisha sufuria zake kwenda stendi ya Kange au penye ujenzi. Mzabuni analipa chuo kodi ya pango, umeme, maji na mishahara, na anatoa risiti ya mashine. Tena tangu 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimekatazwa kutumia kuni na mkaa, hivyo anapikia gesi. Ni agizo jema kwa misitu ya Usambara na sina ugomvi nalo, ila mwenye wateja thelathini pale nje halimgusi.

Mkataba wenyewe ndio unaombana zaidi. Pale chuo kinapompa kazi aliyetaja kodi kubwa kuliko wenzake, halafu kikampangia bei ya kila sahani, mpishi anabaki na njia moja tu ya kupumua. Kodi haipungui, bei haipandi. Kitakachopungua ni kijiko cha wali. Sahani inafika mezani imepunjwa na aliyeipakua ndiye anayetukanwa.

Halafu kuna bumu, pesa ya kujikimu ya mwanafunzi mwenye mkopo. Mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi kwa wanaokopeshwa na Bodi ya Mikopo ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Watu husikia elfu kumi wakafikiri ni ya kula. Humo humo mna kodi ya chumba huko Chumbageni au Mabawa, na kwa mazoea yetu mna bando, sabuni na nauli pia. Tena haiji kwa siku. Huja kwa mafungu, na fungu la siku 60 ni laki sita kwa mkupuo mkononi mwa kijana wa miaka ishirini. Wiki za mwanzo ni chipsi kuku mjini na kantini inapwaya. Wiki ya saba ni pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, na wote wanarudi kutaka wali maharage kwa bei ya chini kabisa. Mpishi anapika kwa kubahatisha: leo sufuria inabaki nusu, kesho foleni inafika uwanjani. Kiporo tunachokilalamikia kinazaliwa hapo. Na Tanga wengi ni wa astashahada na stashahada. Mikopo iliwafungulia mlango wa stashahada mwaka 2023/24 tu, tena kwa baadhi ya kozi. Waliobaki wanasubiri simu kutoka nyumbani, na nyumbani kuna mwisho wa mwezi wake.

Hayo yote hayasafishi meza chafu. Aliyekuwepo wakati wa kipindupindu cha 2015 hahitaji kuelezwa kwa nini maji ya kunawa na chakula cha moto si mambo ya hisani. Hapo mwanafunzi ana haki yote, na mzabuni anayekosa sabuni asijifiche nyuma ya kodi.

Mkufunzi ni mteja mwingine kabisa. Anakula mara moja, anataka haraka, kiti na samaki wa kueleweka. Akivikosa anapanda bodaboda hadi Ngamiani au anakuja na hotpoti yake. Mwanafunzi anataka kushiba. Ukichanganya majibu ya hao wawili kwenye dodoso moja la kuridhika unapata wastani usiomhusu yeyote.

Mimi ningependa chuo kipange kodi ndogo inayojulikana mapema, isitozwe miezi ya likizo, kisha wazabuni washindane kwa sahani: kiasi cha wali, siku za samaki, saa za kufungua. Wahasibu watasema chuo kitapoteza mapato. Mapato hayo yanatoka wapi sasa, kama si mfukoni mwa mwanafunzi, sahani kwa sahani? Na dodoso ligawiwe mara mbili, wiki ya pili na wiki ya saba baada ya bumu, la wakufunzi likae mbali na la wanafunzi.