Pikipiki iliyogoma Julai ilikuwa mbovu tangu Januari

Kijiweni kwetu Ngamiani, ikifika Juni huwa nasikia kauli moja kila asubuhi. Mtu anapiga kiki mara sita, saba, pikipiki haiwaki, anashusha pumzi na kuniambia, "Baridi, mjomba." Hapo ni saa kumi na mbili, tupo Tanga mjini, bahari iko pale nyuma ya nyumba, na joto ni nyuzi 20 na ushee. Nawapenda hawa vijana wa bodaboda, hata kwa mkopo wananibeba, lakini kwa hili nimechoka kuwaitikia.

Kipupwe chetu cha pwani ni neema. Kusi inavuma, usiku unalala bila feni, mchana unaweza kutembea kwa miguu hadi Chumbageni shati likabaki kavu. Hiyo si baridi ya kugomesha injini. Baridi ya kweli mkoani kwetu ipo, ila haiji mjini, inabidi uifuate mlimani. Mimi huifuata mara mbili kwa mwezi kwa sababu wakwe zangu wako upande wa Lushoto, na kwa kuwa nilioa kwa hiari yangu sina wa kumlalamikia.

Njia yenyewe wengi mnaijua: Muheza, Segera, Korogwe, halafu Mombo, ambako unafika bado unatoka jasho. Pale unakata kulia na kuanza kupanda, kilomita 33 za kona juu ya kona. Hewa hupoa kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Lushoto iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kwa hesabu hiyo tu umeshapoteza nyuzi 9 kabla hujahesabu ukungu, kivuli cha miti na alfajiri ya Julai, ambayo inaweza kukufikisha nyuzi 10. Wajerumani walipapenda wakapaita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao. Hewa iliyowakumbusha kwao ndiyo inayonigonganisha mimi meno.

Sasa nimepanda na kuteremka njia hii miaka kadhaa, kwa pikipiki ya cc 150 ya kawaida kabisa, na maoni yangu ni haya: kwa baridi ya kiasi chetu mashine haina neno. Anayeumia ni aliyekaa juu yake, na yeye ndiye hatumhudumii.

Sisemi baridi haigusi injini. Inagusa. Petroli ikiwa baridi haigeuki mvuke upesi, ndiyo maana kuna choki: inabana hewa ili mchanganyiko uwe na petroli nyingi na cheche iweze kuwasha. Oili nayo inakuwa nzito, kiki inagoma mguuni. Betri ya maji ya asidi inatoa nguvu kidogo kuliko mchana wa jua. Lakini kwa nyuzi 20 za Tanga athari zote hizo ni ndogo. Hata kwa nyuzi 10 za Lushoto, pikipiki nzima inawaka kwa kiki mbili tatu ukivuta choki. Ile inayohitaji kiki kumi na nne na dua ina plagi iliyochoka, filta ya hewa yenye vumbi la kiangazi kizima, tapeti za valvu ambazo hazijapimwa tangu inunuliwe, na betri ambayo mwenyewe hajawahi kuangalia kama ina maji. Januari joto lilikuwa linaibeba. Julai hakuna wa kuibeba.

Na kwa kuwa nimeitaja choki, niseme moja linalonikera. Kuna watu wanatembea na choki imevutwa nusu kutwa nzima kwa sababu "ikiachwa inazima". Kaka, hiyo ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inaomba kusafishwa. Petroli inayozidi inaosha oili kwenye kuta za silinda, inateremka hadi kwenye oili yenyewe na kuilainisha, plagi inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Halafu ring pistoni zikiisha mnasema spea za siku hizi feki. Feki zipo, sikatai.

Kwenye oili sina mengi. Wengi tunatumia 20W-50, na kwa joto la Tanga inafaa. Namba iliyo kabla ya W inaonyesha oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ikiwa ndogo ni nyepesi zaidi asubuhi. Anayelala mlimani kila siku anaweza kutumia 10W-40 kama kitabu cha pikipiki yake kinaruhusu. Mimi ninayelala siku mbili naipa injini dakika moja ingurume taratibu, natoka kwa gia ndogo, siikamui mpaka ipate moto. Basi. Mambo ya kuwasha na kuiacha robo saa huku unakunywa chai ni kuchoma petroli bure na kuwaamsha majirani wa mkweo.

Kitu kinachowachanganya wengi ni kwamba Lushoto mnakutana na mambo mawili kwa pamoja, baridi na mlima, na mlima hausemwi. Kule juu hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa usawa wa bahari inaendelea kutoa petroli yake ya Tanga wakati hewa ya kuichoma imepungua. Pikipiki inakuwa nzito, inatoa moshi mweusi, na nguvu inapungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Mwenyewe anasema baridi imeibana. Anaipeleka kwa fundi wa kule, fundi anaipunguzia petroli, inakuwa tamu. Jumatatu anateremka nayo, anafika Segera injini inachemka na kukohoa, kwa sababu hewa imerudi na petroli haikurudi. Ndiyo maana nikipanda kwa siku mbili siruhusu mtu aguse kabureta yangu. Naivumilia uzito wake, nasafisha filta, narudi nayo ilivyokuwa.

Kwenye upepo wa tairi niliwahi kujifanya mjuaji. Nilikuwa nimejua kwamba joto likishuka upepo nao unashuka, karibu psi 1 kwa kila nyuzi 6, kwa hiyo nikabeba geji yangu hadi Lushoto kwa shauku, nikitarajia kukuta tairi ya nyuma imepungua psi 3. Nilikuta haijapungua hata 1. Nikadhani geji mbovu. Baadaye ndipo nikaelewa: geji inapima tofauti ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na kule juu hewa ya nje ina msukumo mdogo. Baridi inachukua psi 3, mlima unarudisha 2 na ushee. Tangu siku hiyo napima Tanga kabla sijatoka, basi. Kinachobaki ni kwamba mpira wa baridi haushiki lami vizuri mpaka uzunguke kidogo, na barabara yenyewe asubuhi ina umande na majani. Kona tano za kwanza naziheshimu kuliko nyingine zote.

Nimefika kwenye mikono.

Mwaka juzi, Julai, nilitoka kwa wakwe alfajiri ili niwahi kazi Tanga. Mama mkwe alinikataza. "Mwanangu, subiri jua litoke." Nikamwambia mama, mimi nimezoea. Nilikuwa na jaketi zuri la mtumba, helmeti, na mikono mitupu, kwa sababu glavu mtu wa pwani anaziona ni mapambo. Hewa ikiwa nyuzi 10, ukienda kilomita 40 kwa saa ngozi inasikia kama nyuzi 6, na mkono ulioshika usukani ndio uko mbele ya wote kupokea huo upepo. Nilipopita Soni vidole vilikuwa haviumi tena. Nikafurahi, nikadhani vimezoea.

Kwenye kona mojawapo chini ya hapo, lori lilikuwa linapanda na shehena, limetanua kidogo upande wangu. Nikataka kushika breki ya mbele. Vidole vilikuja polepole, kama vya mtu mwingine, na vilipofika havikuwa na nguvu. Nikakanyaga ya mguu kwa hofu, tairi ya nyuma ikateleza, nikaishia kwenye kokoto za pembeni, pikipiki imezima, mimi mzima. Utingo akachungulia dirishani: "Mjomba, umelala?" Nilitaka kumjibu tusi, taya likakataa.

Damu iliporudi vidoleni, nikiwa nimekaa Mombo na kikombe cha chai mikononi, nilisikia sindano ambazo sitazisahau. Breki zangu zilikuwa mpya, waya ulikuwa umepakwa grisi ile wiki, cheni imekazwa vizuri. Nilikuwa nimehudumia kila kitu isipokuwa kile kinachobonyeza breki.

Ndiyo maana nawaambia vijana wa kijiweni: shilingi mnazotia kwenye taa za rangi na spika ya muziki, toeni kidogo mnunue glavu. Si za bei. Glavu za sufu za mitumbani peke yake hazifai kwa sababu upepo unapenya, lakini ukivaa juu yake zile za mpira za kuoshea vyombo, za saizi kubwa, upepo na umande vyote vinaishia nje. Jaribu kwanza kama bado unaisikia klachi na breki, usije ukaniambia nimekuua. Mimi nimekata na dumu la lita 5 la mafuta ya kula, nikalifunga kwenye usukani likinge mikono. Ni baya kulitazama. Shemeji zangu walicheka, na mmoja wao sasa ana la kwake.

Kifuani magazeti, matabaka mawili matatu chini ya jaketi. Karatasi inashika hewa, na hewa iliyoshikwa ndiyo inayotunza joto. Wenzetu mnaovaa jaketi mbele nyuma mchekwe tu, mna haki, zipu ikiwa mgongoni upepo hauna pa kuingilia. Koti la mvua livae hata kama hakuna mvua, maana kazi yake kubwa mlimani ni kuzuia upepo. Shingoni nina kanga ya mke wangu yenye maneno ambayo sitayaandika hapa. Na ukiona umeanza kutetemeka bila kuweza kujizuia, au unakosea gia ambazo hukosei, simama. Kunja mikono kwapani, tembeatembea, kunywa kitu cha moto.

Kuteremka ni shauri jingine, na wengi wanaogopa kupanda badala ya kuogopa hilo. Baridi inakufanya uwe na haraka ya kufika Mombo, na haraka inakufanya uweke gia kubwa, au mbaya zaidi uzime injini userereke kuokoa petroli. Usifanye. Weka gia ya pili au ya tatu, injini ikushike, breki zipumzike. Breki ya ngoma ikipata moto kwenye mteremko mrefu inapoteza makali wakati unapoihitaji. Ukifika chini joto la Mombo litakupokea kama umefunua chungu, utavua tabaka moja baada ya jingine watu wa mabasi wakikutazama, na magazeti yako ya kifuani yatakuwa yamelowa jasho hayasomeki tena.

Ijumaa hii napanda. Plagi nimebadilisha, filta nimepuliza, dumu limefungwa. Jana yule wa kiki saba kaniuliza kama naweza kumwazima glavu, anasema ana abiria wa Lushoto Jumamosi. Nimempa za mpira. Za sufu nimemwambia akatafute mwenyewe, maana zile ni zawadi ya mama mkwe.