Abiria Aliyetaka Sheli

Ukiwa dereva wa bajaji Mtwara, msimu wa korosho ndiyo sikukuu yako. Oktoba minada ikishaanza, hela inaingia mjini na watu wanasahau kutembea kwa miguu. Kwa hiyo asubuhi ile, mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana na gunia tupu kwapani alipofika kijiweni kwetu, niliruka foleni mbele ya wenzangu wanne. Hakuna aliyebisha. Mwenye Kiingereza pale ni mimi; kidato cha nne nilianguka kila somo, lakini Kiingereza nilipata C.

"Sheli," akasema yule mama.

Nikafurahi. Kumbe na Kiswahili anakijua!

"Sheli ipi?" nikamuuliza, maana mjini ziko nyingi.

Akatanua mikono kama anayekumbatia mbuyu. Sheli nyingi, sheli tele.

Kwa msomaji wa mbali: kwetu kituo cha mafuta ni sheli. Bango liwe limeandikwa jina la kampuni yoyote, ni sheli tu, kama sabuni yoyote ya unga ilivyo omo. Nikampeleka ya karibu. Dada wa pampu akaja na mpira mkononi, "Ya shilingi ngapi, kaka?" Nikamwambia ngoja kwanza, nina mgeni. Mgeni akashuka, akazunguka nyuma ya ofisi, akainama kuchungulia chini ya uzio kama mtu aliyepotelewa na kuku. Akarudi anatikisa kichwa. Nikampeleka ya pili. Akachungulia, akatikisa kichwa. Ya tatu mlinzi alimfuata nyuma nyuma mpaka alipopanda bajaji, kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, kama huyu mama yuko sawa.

Mwanamume hakiri kwamba C yake imefika mwisho. Nikarudi kijiweni kutafuta msaada kwa ujanja, nikimwambia mgeni tunasubiri bajaji ipoe.

Mpwa wangu alikuwa anatoka shule. "Mjomba, sheli ni za kwenye atomu," akasema, akachora duara mchangani, akachora jingine nje yake. "Ya ndani inabeba elektroni 2, inayofuata 8." Mgeni akachungulia mchoro, akapiga makofi, akampa biskuti. Halafu akatikisa kichwa.

Mzee mmoja mstaafu wa jeshi, aliyekuwa Uganda mwaka 1979, alishusha kikombe chake cha kahawa taratibu. "Kijana, sheli ni kombora la mzinga. Mtu akikuuliza zilipo sheli nyingi, wewe humpeleki popote. Unamuuliza za nini." Wenzangu wakaanza kusogeza bajaji zao pembeni. Kijana wa steshenari akaja kuniokoa, akasema hapana, sheli ni kile kidirisha cheusi kwenye kompyuta unachoandikia amri mashine ikatii. Nikaona sasa tunaelekea kubaya. Kila aliyesoma ana sheli yake, na kila mmoja akianza anaanza kwa kumuuliza mgeni, "Sheli ipi?" Mgeni naye anaitikia, "Ipi, ipi," kama kifaranga.

Muuza samaki ndiye aliyenipa matumaini. Alikutanisha viganja vyake viwili, akavifungua kama mlango. "Makombe hayo! Wazungu wanayapenda." Nikajipiga paji la uso. Tukashuka Shangani. Maji yalikuwa yamekupwa, nikapandisha suruali, nikaokota makombe, simbi, kauri, mpaka mgongo ukaniuma. Yule mama aliniangalia kwa huruma kubwa. Alipoona natia kila kitu kwenye gunia lake, akacheka hadi akakaa mchangani.

Pale palikuwa na mama anayeuza korosho za kukaanga kwenye beseni. Hakututazama usoni, alitazama gunia. Akalivuta, akalisugua kwa kidole gumba. Lilikuwa na mabaka meusi, yananata. Kisha akaweka mkono wake juu ya baka moja, na mimi nikaona: ncha za vidole vyake vilikuwa na weusi uleule, umeingia mpaka kwenye mistari ya ngozi, na pembeni ya kucha ngozi imebabuka.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu anatafuta maganda. Kwenye ubanguaji."

Maganda ya korosho! Mimi, mtoto wa Mtwara, niliyebabuka midomo utotoni kwa kubangua korosho mbichi na meno!

Tukashika barabara ya Newala. Tulipopita Naliendele bajaji ikakohoa. Ikakohoa tena. Nilizunguka sheli tatu asubuhi ile na sikutia hata tone. Tukasukuma wote wawili, mgeni kofia ikimning'inia mgongoni, mpaka kwenye kibanda cha kubangulia. Nje palikuwa na lundo la maganda lililonizidi kimo. Alilikimbilia kama ndugu.

Akavaa glavu, akaminya ganda moja, likatoa kimiminika cha rangi ya kahawia. Kwa C yangu nilielewa hivi: mafuta yale yanatengenezea rangi na bitana za breki, hata breki za bajaji yangu huenda zinayo. Nikamwambia basi tungeyatia kwenye tangi. Akacheka, akanieleza jingine. London zamani palikuwa na mzee akiuza makombe ya baharini. Wanawe wakaja kuuza mafuta ya taa, na mwaka 1897 kampuni yao wakaipa jina la makombe ya baba. Hilo jina ndilo tunalolibandika kwenye kila pampu. Yaani kule pampuni na kule Shangani nilimpeleka kwenye neno lilelile, nikamtoza nauli mara mbili.

Akajaza gunia. Mimi nikachomoa kidumu chini ya kiti, nikaanza kutafuta pikipiki ya kunirudisha mjini. Akaniuliza kwa ishara naenda wapi.

"Sheli," nikamwambia.

Akatazama lundo. Akatazama kidumu changu. Akaweka mikono kiunoni.

"Sheli ipi?"