Mapezi ya Mholanzi

Vita vya Cabo Delgado, kule kaskazini mwa Msumbiji, sisi wa Mtwara tunavijua kwa magodoro. Tangu Mocímboa da Praia ivamiwe Oktoba 2017, na zaidi Palma ilipovamiwa Machi 2021, watu wamevuka Ruvuma kuja upande wetu, godoro kichwani, mtoto mgongoni, kuku kwapani. Mtu wa kuvuka kwenda kule na vifaa vya kuogelea nilikuwa sijamwona, mpaka msimu wa korosho wa 2022, Mholanzi mmoja alipopanda bajaji yangu.

Kiswahili alikiokota Zanzibar, cha kununulia na kusalimia. Mkononi ana kitabu cha watalii kilichochapishwa kabla ya balaa lote hilo. Humo Palma ni mji mdogo uliotulia, minazi na kamba wa bei poa, na ukishuka kusini unafika visiwa vya Quirimbas, unaona ngome ya Wareno pale Ibo. Visiwa ni vizuri kweli, hilo sibishi. Nikamwambia, kaka, kule vita.

"Najua," akasema. "Lakini sasa Wanyarwanda wapo."

Utadhani wanajeshi wa Rwanda walikuja Julai 2021 kumbebea mabegi.

Tukapatana elfu themanini, kwenda na kurudi, analipa mwisho wa safari. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: namfikisha Kilambo kivukoni, Uhamiaji wanamkatalia, narudi naye, nakula zangu.

Hatukufika. Kijiji kimoja kabla ya mto, mgambo wakatusimamisha na kulivuta lile begi lake jeusi, refu. Nawe usiwacheke. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto wakaingia Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Tangu hapo ukanda ule begi refu la mgeni ni jambo la kijiji kizima. Tukapelekwa chini ya mkorosho kwa mwenyekiti, zipu ikafunguliwa.

"Nini hii?"

"Mapezi," nikajibu.

"Ya samaki gani?"

"Ya mtu."

Mgambo akarudi nyuma hatua moja. Akautoa mrija wa kupumulia, akachungulia tundu lake kama anayekagua bunduki. Mholanzi akaona asaidie. Akavaa miwani ya kuzamia, akaubana mrija mdomoni, akavaa na mapezi, akaanza kutembea kwenye mchanga mbele ya wazee: pwata, pwata, pwata. Watoto wakatimua mbio. Mwenyekiti akamtazama akienda na kurudi, mpaka mgeni akakanyaga pezi lake mwenyewe na kuanguka.

"Huyu mwacheni," akasema. "Na viatu hivi atamvamia nani?"

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe sasa. Unapeleka watu kule, anakulipa nani?"

Swali zito hilo. Leseni anayo tajiri wa bajaji, na Mholanzi, aliyekuwa na pasi ya kusafiria, ameshaletewa kiti na dafu. Mimi nimekalishwa chini. Bahati nzuri, nikasema, bibi yangu mzaa mama anakaa kijiji hiki hiki, aitwe anitambue.

Bibi akaja na kanga zake mbili na chale zake za Kimakonde usoni. Akanizunguka.

"Bibi, unamjua huyu?"

"Nisimjue! Mume wangu huyu. Amenitoroka, hajaniletea hata chumvi. Mfungeni, ugali nitamletea."

Baraza likaangua kicheko, mwenyekiti akafuta machozi, kesi ikafa hapo hapo. Mtu mmoja tu hakucheka. Mholanzi alikuwa anajua "mume", anajua "chumvi", na huko Zanzibar hakuna aliyemwambia habari za utani wa bibi na mjukuu. Akavua miwani taratibu.

"Wewe," akaniambia, "mtu mbaya."

"Hapana, kaka, huyu bibi yangu. Mama wa mama yangu!"

"Mama wa mama?" Akasimama. "Na umemuoa?"

Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozama, na wale wazee wanaojua ukweli wote wameshikilia mbavu, hakuna hata mmoja wa kunisaidia. Mholanzi akachomoa pochi, akahesabu elfu themanini, zile zile, akampa bibi kwa mikono miwili.

"Pole, mama. Nunua chumvi."

Kabla sijainuka mchangani, noti zilikuwa zimeshafungwa kwenye pindo la kanga.

Safari ya Palma ikaishia chini ya ule mkorosho, maana mwenyekiti alikataa katakata kutupisha. Kurudi mjini nikajaza mafuta kwa pesa yangu, na abiria wangu nyuma hanisemeshi. Mapezi nasikia aliyatumia ufukweni Msimbati, huku huku Mtwara. Usiku bibi akapiga simu, anauliza Waholanzi wengine wanakuja lini.